Wati Kumi za Usingizi

Kabla ya kukata tiketi ya Kisangani nilimpigia simu dada yangu kumuuliza jambo moja tu. Sikuuliza habari za usalama, wala bei ya samaki, wala nimchukulie nini kutoka Kigoma. Nilimuuliza umeme kwao unakuja saa ngapi na unaondoka saa ngapi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kaka, unakuja kututembelea au unakuja kufungua mashine ya kusaga?"

Ilibidi nimweleze. Kumwambia daktari kwamba usingizi wako ni mbovu ni kazi nyepesi, analipwa kusikiliza. Kumwambia ndugu yako wa tumbo moja ni jambo jingine. Marehemu baba yetu alikuwa akikoroma mpaka paka anahama chumba, na nyumbani tuliamini hiyo ni alama ya usingizi mnono wa mtu aliyefanya kazi. Hakuna aliyetilia maanani kwamba mzee alikuwa akiamka amechoka kuliko alivyolala, na kwamba alisinzia kila mahali, hata akiwa ameshika kikombe cha chai.

Ugonjwa wenyewe ni kukatika kwa pumzi usingizini. Mtu akilala, misuli ya koo hulegea. Kwa wengi njia ya hewa hubaki wazi. Kwetu sisi hujifunga. Kifua kinavuta, hewa haipiti, oksijeni inashuka damuni, mpaka ubongo unashtuka na kukuamsha nusunusu. Unatoa mkoromo mmoja wa kishindo, unavuta pumzi, unazama tena, na koo linajifunga tena. Mkatiko huhesabiwa ukifika sekunde 10 au zaidi. Chini ya mikatiko 5 kwa saa madaktari hawana wasiwasi. Ikifika 30 wanaiita hali kali. Mimi nilikutwa huko kwenye hali kali, na presha ya damu iliyokuwa haisikii dawa.

Tiba niliyopewa ni mashine ya kusukuma hewa. Colin Sullivan, daktari wa Sydney, na wenzake walitangaza njia hiyo mwaka 1981, na mpaka leo msingi wake haujabadilika: feni ndogo ndani ya kisanduku, bomba, na barakoa ya kufunika pua. Watu wengi hudhani inatoa oksijeni. Haitoi. Inachukua hewa ileile ya chumbani na kuisukuma kwa mgandamizo wa kutosha kulizuia koo lisijifunge. Mgandamizo huo hupimwa kwa sentimita za maji, na mashine nyingi huenda kati ya 4 na 20. Ukiwa mjini penye umeme wa uhakika unasahau kama ipo. Ukitaka kwenda Kisangani, inabidi ujue inakula wati ngapi.

Yangu, bila kuwasha kile kichombo cha kupasha maji na kulainisha hewa, hula kama wati 10. Nikiwasha kupasha, ulaji unapanda mara tatu au nne. Nilinunua betri ya lithiamu ya wati-saa 97, kwa sababu mashirika ya ndege huruhusu betri isiyozidi wati-saa 100 bila kuomba kibali, nayo lazima ikae kwenye mzigo wa mkononi, si kwenye begi la chini. Wati 10 kwa saa nane ni 80. Basi usiku mmoja unapita na kinabaki kidogo, ambacho hakitoshi usiku wa pili. Safari yangu yote ilijengwa juu ya hesabu hiyo.

Daktari aliniandikia barua, nikaitafutia mtu wa kuiandika upya kwa Kifaransa safi. Nilipita Addis Ababa, kisha Kinshasa, na kila penye mashine ya ukaguzi mambo yalikuwa yaleyale: begi linarudishwa nyuma, linafunguliwa, watu wawili wanainama. Afisa mmoja aliniuliza kama ni mashine ya kuhesabia pesa. Nadhani alisikitika kidogo niliposema sivyo. Mwingine, kijana mcheshi, aliichukua barakoa na kutaka kuijaribu puani, nikamwambia kwa upole kwamba barakoa ni kama mswaki, haiazimwi. Barua ya Kifaransa ilifanya kazi kubwa kuliko maneno yangu yote. Nchini Marekani sheria inasema wazi kwamba kifaa cha tiba hakihesabiwi kwenye idadi ya mizigo ya mkononi. Kwingine jambo hilo huamuliwa na aliyeko kaunta siku hiyo na jinsi alivyoamka.

Uwanja wa ndege wa Bangoka uko kilomita 17 hivi mashariki ya mji. Njiani ni msitu, vibanda, makaa yamepangwa kwenye magunia marefu, na baiskeli. Kisangani ni mji wa baiskeli: teksi zake za baiskeli, toleka, zina kiti cha sponji nyuma na mwendeshaji mwenye mapaja ya chuma, ingawa siku hizi pikipiki zimewanyang'anya abiria wengi. Nilisikia Kiswahili kabla sijafika nyumbani, kimechanganyika na Kilingala na Kifaransa, lakini nilikielewa. Kwa mtu wa Kigoma si ajabu. Lugha hii ilitembea kwa miguu kutoka pande zetu, Ujiji, ikapita Kasongo na Nyangwe, ikateremka mto Lualaba pamoja na misafara ya pembe na ya watumwa. Mwaka 1887 Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, alikubali kuwa gavana wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo, kwa niaba ya Leopold wa Ubelgiji. Historia hiyo haina cha kujivunia, ila ndiyo iliyonifanya niweze kuomba ekstensheni ya umeme bila mkalimani.

Dada anakaa Mangobo. Mume wake, mwalimu wa sekondari, aliniita semeki, yaani shemeji, tangu mlangoni, akabeba begi la mashine yeye mwenyewe kwa mikono miwili. Alikuwa amejiandaa. Chumbani aliniwekea meza ndogo kando ya kitanda, soketi mpya, na mshumaa.

"Mshumaa wa nini, shemeji?"

"Wa kuonea mashini ikizimika," alisema.

Umeme wa Kisangani unatoka kwenye maporomoko ya mto Tshopo, kaskazini ya mji. Kituo kilijengwa wakati wa Wabelgiji, miaka ya 1950, kina mitambo mitatu, na hata yote ikizunguka kwa nguvu zake zote haifiki megawati 20. Mji wenyewe umekua mara nyingi tangu hapo. Kwa hiyo umeme hugawanywa kwa zamu, mtaa huu leo, mtaa ule kesho, na mtambo mmoja ukiugua zamu zinarefuka. Wakati huohuo mto Kongo unapita mbele ya kanisa kuu la Notre-Dame du Rosaire, mpana, umetoka kushuka mita 60 hivi katika maporomoko saba ya Boyoma. Mbali huko chini, karibu na bahari, Inga ya kwanza na ya pili zimejengewa uwezo wa megawati 1,775, na waya mmoja kutoka huko unakwenda kilomita 1,700 hivi mpaka Kolwezi, kwenye migodi. Kisangani haumo njiani. Semeki alinieleza haya bila uchungu, kwa sauti ya mwalimu anayerudia somo lilelile kila mwaka.

Usiku wa kwanza umeme ulikuwepo, lakini dhaifu. Taa ya sebuleni ilikuwa nyekundu. Hilo halikunisumbua: kichaji cha mashine hukubali volti 100 mpaka 240, na chini ya 220 inafanya kazi bila kulalamika. Linaloua vifaa ni umeme kurudi kwa kishindo baada ya kukatika. Niliweka utaratibu wangu: betri inachajiwa umeme ukiwapo, mashine inalala kwenye betri, ukutani hakuna kilichochomekwa. Hivyo umeme ukikatika usiku wa manane, sijui hata kama umekatika. Semeki alifurahishwa na mpango huo kuliko nilivyotarajia. Alisema ndivyo mji mzima unavyoishi, kuchota ukiwapo na kutumia usipokuwapo, ila hakuwahi kuona mtu anafanya hivyo kwa pumzi.

Watoto walikuja kunitazama nikivaa. Niliwaruhusu, afadhali waone mara moja kuliko wachungulie kila siku. Nilivuta chandarua, nikapitisha bomba kwa chini na kulikunja na shuka ili mbu asipate mlango, nikavaa barakoa, feni ikaanza kunong'ona. Kimya. Kisha yule wa katikati akauliza, "Noko," yaani mjomba, "unaenda kulala chini ya mto?" Mdogo wake alianza kulia, dada akawafukuza wote.

Kichombo cha maji nilikiacha begini. Kwingine hewa kavu hukausha pua mpaka inatoa damu, na mtu hulazimika kutafuta maji yaliyoondolewa chumvi kabisa. Hapo tahadhari inahitajika: kwetu ukiuliza maji ya betri dukani unaweza kupewa maji safi au ukapewa asidi, kutegemea muuzaji amekuelewaje. Lakini Kisangani iko karibu kabisa na ikweta, mvua hunyesha karibu kila mwezi, na hewa ya usiku ina unyevu wa kutosha kuotesha ukungu kwenye mkanda wa saa. Pua yangu haikulalamika hata siku moja, na wati zikabaki.

Kilichonitisha zaidi ni moshi. Jirani alikuwa na jenereta, wao wanaiita grupu, aliyokuwa akiiwasha jioni kuonesha mpira kwa kiingilio. Iliwekwa ukutani, chini kidogo ya dirisha langu. Nimesema mashine huchukua hewa ya chumbani. Basi ikiwa chumbani kuna moshi wa petroli, inakusukumia moshi wa petroli moja kwa moja kooni, usiku kucha. Kichujio cheupe kwa nyuma kiligeuka kijivu haraka. Na ile hewa mbaya ya kwenye moshi wa injini, kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi. Mtu analala nayo na haamki. Nilimwambia semeki nifunge dirisha, akasema utakufa kwa joto. Akaenda kwa jirani. Hakuanza na jenereta. Alianza na salamu, na mpira, na shule ya mtoto wa jirani, nami nimekaa kando nikizihesabu dakika. Mwishoni akasema, "Papa, ndugu wa bibi yangu analala na mashini ya kupumua, na grupu yako inampulizia." Jirani aliinuka pale pale. Alihamisha jenereta nyuma ya nyumba, upande wa uwanja, akaja mwenyewe kunusa dirishani. Kisha akapendekeza aniletee waya, tuchangie petroli. Nilimshukuru. Nilikwisha kuona hali ya waya wake.

Kulikuwa na siku ambazo zamu ya Mangobo haikufika kabisa. Hapo ndipo nilipomjua kijana wa kibanda cha kuchaji simu karibu na soko. Ana paneli za sola juu ya bati, betri za magari kwa chini, na meza yenye nyaya nyingi kuliko wateja. Nilifika kwa toleka nimekumbatia betri yangu. Aliigeuza, akasoma maandishi madogo ya nyuma, akafumba jicho moja akipiga hesabu.

"Papa, hii ni simu sita."

Nilipiga hesabu yangu. Betri ya simu ya kawaida ni kama wati-saa 15. Tisini na saba gawanya kwa kumi na tano. Alikuwa sahihi, tena amenipunguzia. Nililipa bei ya simu sita, nikakaa kwenye benchi kusubiri, kwa sababu betri ile sikuwa tayari kuiacha na kuondoka. Kila aliyekuja kuchaji simu alielezwa na kijana habari zangu, na habari zikikua kila mara. Kwa jioni moja nilikuwa nimepona moyo, nimefanyiwa upasuaji Ulaya, na pumzi yangu inakaa ndani ya kile kisanduku cheusi. Sikumsahihisha. Wateja walikuwa wanapenda hadithi, na mimi nilikuwa nimechukua nafasi ya simu zao sita.

Semeki alinipeleka kwa wavuvi Wagenia, kwenye poromoko la mwisho la Boyoma, ambako magogo marefu yamesimikwa kwenye miamba katikati ya maji na vikapu vya mdomo mpana vinaning'inizwa kutega samaki. Kila mgeni hupelekwa na kila mgeni hupiga picha, mimi pia. Nilichokitaka hasa kilikuwa Yangambi, kilomita 100 hivi kuteremka mto, palipokuwa makao ya taasisi ya utafiti wa kilimo ya Wabelgiji tangu mwaka 1933. Nyumba za matofali chini ya miti mikubwa, mibuni ya robusta, herbario yenye mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi, na ndani ya msitu mnara wa chuma wa mita 55 unaopima kabonidioksidi inavyoingia na kutoka msituni, mchana na usiku. Nilimwambia mwenyeji wetu kwamba mimi pia napimwa hivyo. Mashine yangu huandika kila pumzi kwenye kadi ndogo. Alicheka, akaniuliza kama nami hutoa ripoti.

Nyumba ya wageni ilikuwa na sola, ila betri zake zilichoka kabla ya saa nne usiku. Nikatumia yangu yote. Hesabu ilikuwa kwamba kesho yake tunarudi na kulala Kisangani.

Boti la kurudi lilikuwa la mbao, lenye mihogo, makaa, mbuzi, na watu wengi. Kupanda mto ni kazi kuliko kushuka. Saa kumi jioni injini ilikohoa na kunyamaza. Nahodha na fundi waliifungua mpaka giza likaingia, kisha tukasukumwa kwa pondo hadi kwenye kijiji cha wavuvi na kufungwa hapo. Wenzangu hawakushangaa hata kidogo. Watu wanaopanda mto huu kutoka Kinshasa, kilomita zaidi ya 1,700, hukaa majini kwa majuma. Walitandika mikeka, wakapika ndizi za makemba, wakanipa sahani.

Betri ilikuwa na taa moja nyekundu. Mashine iliwaka, ikahema mara chache, ikafa.

Mtu asiye na mashine ana mambo machache ya kufanya. Asilale chali, kwa sababu ulimi na koo huangukia nyuma. Alale ubavu, au ainue kifua. Asinywe pombe, kwa maana pombe hulegeza koo zaidi, na pale botini chupa ya lotoko ilikuwa inazunguka. Niliweka gunia la makaa mgongoni ili nisigeuke, begi la mashine chini ya kichwa, nikaegemea. Usingizi ulinichukua haraka, ndiyo tabia ya ugonjwa huu, uchovu haukuachi ukatae.

Asubuhi kichwa kilikuwa kizito na watu walikuwa wananitazama. Mama mmoja muuza samaki, aliyelala upande wa pili wa gunia, alinisogezea chai.

"Papa, umetutesa."

Nikaomba radhi kwa kelele.

"Kelele si kitu, bwana yangu naye anakoroma. Ni ule wakati unanyamaza. Unanyamaza, nasi tunanyamaza. Tunangoja. Yule," akamwonesha kijana wa mihogo, "alikuwa anahesabu. Akifika makumi mbili nakusukuma na mguu. Ukirudi, tunalala kidogo. Halafu unaenda tena."

Kijana wa mihogo alitikisa kichwa kuthibitisha. Walipokezana. Mpaka alfajiri kulikuwa na mtu macho, mtu nisiyemjua jina, anayesikiliza kama nitarudi. Maabara ya usingizi huko mijini hufanya kazi hiyohiyo kwa nyaya za kichwani na klipu ya kidoleni, na bili yake si ndogo. Sikujua nimlipe nini yule mama. Nilinunua samaki wake wengi kuliko tulivyoweza kula, naye hakunipunguzia bei.

Habari zilinitangulia Mangobo. Kabla ya kuondoka, jirani mmoja, mama wa makamo, alikuja kumsalimu dada na akakaa muda mrefu bila kusema shida yake. Mwishowe akatoa: mume wake ananyamaza usiku, kama mimi. Anasinzia kwenye pikipiki. Kweli mashine ile inauzwa bei gani?

Nilimwambia bei, akapiga kofi la mshangao. Akafikiri, akauliza tena: na umeme wa kuiwasha kila usiku, si mara mojamoja, kila usiku, atautoa wapi? Nikamweleza habari za paneli ya sola na betri ya gari, kwamba wati 10 hazihitaji paneli kubwa, lakini zinahitaji betri ambayo hakuna mtu mwingine nyumbani anayeigusa, si kwa redio wala kwa simu. Dada alisema hilo ndilo lisilowezekana. Basi nikamwambia yanayowezekana bila umeme: aanze kwa kupimwa presha kituo cha afya, alale ubavu, ashonewe mfuko wenye kitu kigumu mgongoni mwa fulana ili asigeuke chali, apunguze mwili, asiendeshe pikipiki akiwa na usingizi, aache lotoko jioni.

Alikuwa akihesabu kwa vidole. Kwenye lotoko kidole kilibaki juu.

"Hiyo utamwambia wewe mwenyewe, Papa," alisema, akamtuma mtoto akamwite.